Milioni moja na tisa inabaki moja kila mara, lakini si namba tasa

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Igoma, Mwanza. Wengi wetu tunauza dagaa na samaki wakavu Mwaloni, Kirumba. Siku ya kugawana fedha za mwaka, salio kwenye simu ya kikundi lilikuwa shilingi 1,000,009. Tuko 34. Tukagawanya, ikabaki shilingi 1. Wakasema tuwahesabu na wale wawili wapya, tuwe 36, ikabaki 1. Tukajaribu kwa watu 24, 38, hata 43, kote inabaki 1. Kijana mmoja wa kidato cha nne akatuambia hiyo ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote. Ni kweli? Mtu anawezaje kuhakikisha kwa kalamu na karatasi? Na binti yangu anayependa hisabati anauliza namba hii ina sifa gani nyingine. Wabeja sana.

Jibu: Ndugu katibu, namba 1,000,009 si namba tasa, yaani si namba inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Ni 293 × 3,413, na hizo mbili zenyewe ndizo tasa. Kwa hiyo vigawo vyake ni vinne tu: 1, 293, 3,413 na yenyewe. Kwenu maana yake ni kwamba kikundi chochote chenye watu kuanzia 2 hadi 292 hakiwezi kugawana fedha hiyo bila baki. Mngekuwa 293, kila mmoja angeondoka na shilingi 3,413 kamili. Kwa kuwa mko 34, mpeni kila mtu 29,412 na shilingi 1 ibaki kwenye simu. Au ongezeni shilingi 33 ifike 1,000,042. Hapo kila mtu anapata 29,413 na hakibaki kitu.

Kijana wenu msimlaumu. Namba hii hii iliwahi kudhaniwa kuwa tasa na watu waliobobea, mpaka Leonhard Euler (1707–1783), mmoja wa wanahisabati wakubwa kuliko wote, alipoionyesha vigawo vyake katika karne ya 18 kwa njia nzuri sana ambayo nitaieleza hapa chini hatua kwa hatua. Kwanza tuiondoe ile shilingi moja inayowasumbua.

Kwa nini inabaki moja

Jibu liko kwa jirani yake, 1,000,008. Namba hiyo ni 8 × 9 × 17 × 19 × 43. Ina vigawo 96, na namba yoyote iliyo kigawo cha 1,000,008, isipokuwa 1, lazima iache baki 1 kwa 1,000,009. Watu 34 ni 2 × 17, watu 36 ni 4 × 9, watu 38 ni 2 × 19, watu 24 ni 8 × 3, na 43 imo wazi. Zote mlizojaribu zimo humo. Ukichukua idadi ya watu kuanzia 2 hadi 60, zinazoacha shilingi 1 ni hizi 17: 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12, 17, 18, 19, 24, 34, 36, 38, 43, 51 na 57. Mngekuwa 35, ingebaki 24. Mngekuwa 40, ingebaki 9.

Kwa hiyo baki 1 iliyojirudia imewaeleza habari za 1,000,008. Kuhusu 1,000,009 imewaambia kitu kimoja tu, kwamba hizo mlizojaribu si vigawo vyake, na hilo halitoshi kuiita tasa. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anajaribu namba ndogo ndogo, zinakataa, anahitimisha. Namba isiyo na kigawo kidogo inaweza kuwa na kigawo kikubwa, na hii yenu kigawo chake cha kwanza kiko mbali, huko 293.

Kuchuja namba ndogo

Kuna namna ya kuziondoa namba tasa kadhaa kwa pigo moja. 1,000,009 ni 999,999 + 10. Na 999,999 inagawanyika kwa 3, 7, 11, 13 na 37. Kwa hiyo baki ya 1,000,009 kwa kila moja ya hizo ni sawa na baki ya 10. Kwa 3 ni 1, kwa 7 ni 3, kwa 11, 13 na 37 ni 10 yenyewe. Zote tano zimeondoka bila kugawanya. Mbili na tano zinaondoka kwa kuangalia tarakimu ya mwisho, ambayo ni 9. Na 17, 19 na 43 mmeshaziondoa ninyi wenyewe kwa shilingi yenu moja.

Swali linalofuata ndilo la msingi: uendelee kujaribu mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili cha namba, basi. Vigawo huja wawili wawili. Kama kimoja ni kikubwa kuliko kipeuo cha pili, mwenzake lazima awe mdogo kuliko kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 1,000,009 kimezidi 1,000 kidogo sana. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya 1,000, ambazo ni 168. Zikikataa zote, namba ni tasa na hakuna ubishi. Ikikubali moja, umemaliza. Anayesimama kwenye 97 kwa sababu orodha ya namba tasa ukutani darasani inaishia 100 amejaribu 25 tu.

Ukienda kwa mpangilio kuanzia 2, namba 293 ni ya 62. Kugawanya namba ya tarakimu saba mara 62 kwa mkono kunachosha, na aliyechoka hukosea. Namba hii lakini ina umbo linalorahisisha kazi: ni 1,000 × 1,000 + 9. Basi badala ya kugawanya 1,000,009, gawanya 1,000 tu. Baki utakayopata izidishe kwa yenyewe, ongeza 9, kisha angalia kama jumla inagawanyika.

Tuchukue 29. Elfu moja ukigawanya kwa 29 inabaki 14. 14 × 14 ni 196, ongeza 9 ni 205. 205 kwa 29 inabaki 2. Imekataa. Tuchukue 53: 53 × 19 ni 1,007, yaani 1,000 imepungukiwa 7. Upungufu unafaa sawa na baki, kwa sababu ukizidisha kwa yenyewe alama ya kutoa inapotea. 49 + 9 ni 58, inabaki 5. Kwa 101: 1,010 imezidi kwa 10, kwa hiyo 100 + 9 ni 109, inabaki 8. Hizi mtu anazifanya kichwani.

Sasa 293. 293 × 3 ni 879, elfu moja inabakiwa na 121. 121 × 121 ni 14,641. Ongeza 9, ni 14,650. Na 293 × 50 ni 14,650 kamili. Hapo umepata kigawo. Hakikisha kwa mgawanyo wa kawaida: 1000 kwa 293 ni 3, baki 121, shusha 0, 1210 ni 4, baki 38, shusha 0, 380 ni 1, baki 87, shusha 9, 879 ni 3, baki 0. Jibu 3,413.

Kabla ya kutangaza kwamba umemaliza, pima na hiyo 3,413 kama ni tasa. Kipeuo chake cha pili ni 58 na kitu, kwa hiyo unajaribu namba tasa mpaka 53 tu. Zote zinakataa.

Namba tasa zipi hazina haja ya kujaribiwa kabisa

Hapa kuna jambo la kina kidogo, nalo linapunguza kazi zaidi ya nusu. Kwa kuwa 1,000,009 ni 1,000² + 3², na 1,000 na 3 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kila kigawo chake kilicho tasa lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 4. Namba tasa kama 7, 11, 19, 23, 31, 43, 47, zinazoacha baki 3, haziwezi kamwe kuigawanya. Unaziruka bila kuzigusa.

Binti yako akiuliza kwa nini, mpe sababu hii. Tuseme p ni namba tasa inayoacha baki 3 kwa 4, na inagawanya a² + b² bila kugawanya a wala b. Hapo a² na −b² zinaacha baki ileile kwa p. Zipandishe zote mbili kwenye kipeo (p − 1) ÷ 2, ambacho kwa p ya aina hii ni namba witiri. Upande mmoja unapata a ikiwa na kipeo p − 1, upande wa pili unapata b ikiwa na kipeo p − 1 lakini yenye alama ya kutoa mbele, kwa sababu kipeo witiri hakiiondoi alama hiyo. Lakini kanuni ya mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat inasema namba yoyote isiyogawanyika kwa p, ikipewa kipeo p − 1, inaacha baki 1. Kwa hiyo 1 na −1 zingekuwa na baki moja kwa p, maana yake p igawanye 2. Haiwezekani kwa p kama hiyo.

Baada ya kuruka zile, zinazobaki mpaka 293 ni 29: 5, 13, 17, 29, 37, 41, 53, 61, 73, 89, 97, 101, 109, 113, 137, 149, 157, 173, 181, 193, 197, 229, 233, 241, 257, 269, 277, 281 na 293. Saba kati ya hizo, 5, 13, 17, 29, 37, 53 na 101, tulishaziondoa. Zimebaki 22. Kwa njia ya baki ya 1,000 niliyoeleza, hiyo ni kazi inayoenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Njia ya Euler

Kuna kanuni isemayo kwamba namba tasa inayoacha baki 1 kwa 4 inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa namna moja tu. Fermat aliitaja mwaka 1640, Euler akaja kuithibitisha. Mfano: 13 ni 9 + 4, na huwezi kuipata kwa miraba mingine miwili. Sasa geuza kanuni hiyo: ukiikuta namba witiri imeandikika kwa namna mbili tofauti, hiyo si tasa. Na zaidi ya hapo, kutoka kwenye zile namna mbili unaweza kuvitoa vigawo vyenyewe.

Namna ya kwanza tunayo: 1,000² + 3². Tunatafuta ya pili, x² + y². Tukijaribu kila namba mpaka 1,000 tutakesha, kwa hiyo tunachuja kwanza. Mraba wa namba yoyote ukiugawanya kwa 5 unaacha baki 0, 1 au 4. Namba yetu inaacha 4. Jumla ya mbili kati ya 0, 1 na 4 inayotoa baki 4 ni moja tu, 0 + 4. Kwa hiyo moja kati ya x na y, tuseme x, lazima igawanyike kwa 5, na mraba wake ugawanyike kwa 25. Namba yetu kwa 25 inaacha 9. Basi y² nayo iache 9 kwa 25, na hilo linatokea tu pale y inapokuwa imezidi au kupungua kwa 3 kutoka kwenye kizidisho cha 25: 3, 22, 28, 47, 53, 72 na kuendelea. Ile 3 ndiyo namna ya kwanza. Zinabaki 79 chini ya 1,000.

Tuanze kutoka juu. Kila mara tunatoa y² kwenye 1,000,009, tunagawanya kinachobaki kwa 25, halafu tunaangalia kama jibu ni mraba kamili.

y = 997. Mraba wake ni 994,009. Kinabaki 6,000. Kwa 25 ni 240. Iko kati ya 225 (15²) na 256 (16²). Hapana.

y = 978. Mraba wake ni 956,484. Kinabaki 43,525. Kwa 25 ni 1,741. Iko kati ya 1,681 (41²) na 1,764 (42²). Hapana.

y = 972. Mraba wake ni 944,784. Kinabaki 55,225. Kwa 25 ni 2,209. Hiyo ni 47². Basi x ni 5 × 47, yaani 235.

Jaribio la tatu tu. Ni bahati ya kuanzia juu. Aliyeanza na 22 akapanda angeifikia 972 kwenye jaribio la 77. Ila hata majaribio 77 ya aina hii ni mepesi, kwa sababu baada ya kugawanya kwa 25 unapima namba isiyozidi 40,000.

Tunayo sasa: 1,000² + 3² = 972² + 235².

Panga shufwa na shufwa, witiri na witiri: 1,000² − 972² = 235² − 3². Tofauti ya miraba miwili ni tofauti ya namba zenyewe mara jumla yao. Kushoto ni 28 × 1,972. Kulia ni 232 × 238. Pande zote mbili ni 55,216. Ukipata tofauti hapa, rudi nyuma, kuna mraba umekosea.

Kigawo kikubwa cha shirika cha 28 na 232 ni 4. Gawanya: 28 ni 4 × 7, na 232 ni 4 × 58. Kigawo kikubwa cha shirika cha 1,972 na 238 ni 34. Gawanya: 1,972 ni 34 × 58, na 238 ni 34 × 7. Ile 7 na 58 zimejirudia pande zote mbili, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa chukua nusu ya 4 na nusu ya 34, yaani 2 na 17, kisha jumlisha miraba: 4 + 289 = 293. Chukua 7 na 58: 49 + 3,364 = 3,413. Vigawo hivyo hapo, bila kugawanya 1,000,009 hata mara moja. Na unaona vimejitokeza vyenyewe vikiwa jumla ya miraba miwili, kila kimoja.

Kosa linalowapata wengi hapa ni kupanga shufwa na witiri upande mmoja, mfano 1,000 na 235. Tofauti na jumla zinakuwa witiri, vigawo vya shirika vinakuwa witiri, na ile nusu inakataa kuwa namba nzima. Kosa la pili ni kuhesabu 3² + 1,000² kama namna ya pili. Hiyo ni ileile iliyogeuzwa. La tatu ni kudhani kwamba namba yenye namna moja tu ni tasa bila kuangalia kigawo cha shirika. 45 ni 36 + 9, na haina namna nyingine, lakini 6 na 3 zinashirikiana kigawo 3, na 45 si tasa.

Kuhakiki jibu

Unapoletewa jibu kwamba namba fulani ni zao la mbili, lihakiki kabla ya kuzidisha yote. Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 293 inakwenda 14, kisha 5. 3,413 inakwenda 11, kisha 2. 5 × 2 ni 10, kisha 1. Na 1,000,009 ni 10, kisha 1. Zimekubaliana. Lakini kipimo hiki hakioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mtu akiandika 3,431 badala ya 3,413, jumla ya tarakimu ni ileile. Kwa hiyo ongeza kipimo cha 11: anzia kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana. 293 ni 3 − 9 + 2, yaani −4, sawa na baki 7. 3,413 ni 3 − 1 + 4 − 3, yaani 3. 7 × 3 ni 21, baki 10 kwa 11. Na 1,000,009 inatoa 10. Kwa 3,431 ungepata baki 4, na kosa lingeonekana hapo hapo. Makatibu wanaonakili hesabu kutoka kwenye simu kwenda kwenye daftari ningewashauri wajifunze hivi vipimo viwili pamoja.

Sifa nyingine za namba hii

Hizi ni za binti yako, na kila moja anaweza kuihakiki mwenyewe.

Vigawo vyake vinne vikijumlishwa ni 1,003,716, ambayo ni 294 × 3,414. Idadi ya namba ndogo kuliko 1,000,009 zisizo na kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1 ni 996,304, ambayo ni 292 × 3,412.

Ni tofauti ya miraba miwili: 1,853² − 1,560². Hii nayo ni njia ya kutafuta vigawo, inaitwa ya Fermat, lakini kwa namba hii ni mbaya. Unaanza na 1,001 unapanda moja moja, na unafika 1,853 baada ya majaribio 853. Njia hiyo inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana kwa ukubwa. 293 na 3,413 zimeachana mno.

Ni upande mrefu kabisa wa pembetatu yenye pembe mraba, tena zaidi ya moja. Kutoka 1,000 na 3 unapata pande 999,991 na 6,000. Kutoka 972 na 235 unapata 889,559 na 456,840. Kanuni ni kutoa miraba kwa upande wa kwanza, na kuzidisha namba mbili kisha mara 2 kwa upande wa pili.

Kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1 inaandikwa 11110100001001001001, tarakimu 20, na moja zake ni tisa.

Kwa majirani wake: namba tasa ya mwisho chini ya milioni ni 999,983, ya kwanza juu ya milioni ni 1,000,003, na inayofuata ni 1,000,033. Yenu imekaa kwenye pengo kati ya hizo mbili za mwisho. Chini ya milioni zipo namba tasa 78,498, na ukizunguka eneo la milioni utakuta kwa wastani moja katika kila namba 14 hivi.

Namba ambayo ni zao la tasa mbili, kama hii, si ya kuchezea darasani tu. Mfumo wa kufunga siri uitwao RSA, uliobuniwa mwaka 1977, umejengwa juu ya ugumu wa kuzipata tasa hizo mbili ukiwa na zao lao. Tofauti ni ukubwa: zao linalotumika leo kwa kawaida lina biti 2,048 (tarakimu za 0 na 1), yaani tarakimu 617 za kawaida. Kwa tarakimu saba kalamu inatosha. Kwa 617 hata kompyuta zote za dunia hazitoshi, ikiwa tasa zimechaguliwa vizuri.

Kuhusu kikokotoo, kile cha dukani chenye tarakimu 8 kinatosha kwa namba ya tarakimu saba. Mgawanyo usiokamilika utaonyesha desimali hata pale sehemu inayobaki ni ndogo kabisa. Ukivuka hapo, kioo kinaanza kukata au kukadiria desimali, na jibu linaweza kuonekana namba nzima wakati siyo. Dawa yake ni kuchukua sehemu nzima ya jibu, kuizidisha tena kwa ulichogawanyia, na kulinganisha tarakimu za mwisho na namba uliyoanza nayo. Zisipolingana, mgawanyo ulikuwa na baki.

Mkitaka zoezi, chukueni 1,000,003. Ikigawanywa kwa 4 inaacha 3, kwa hiyo haiandikiki kama jumla ya miraba miwili na njia ya Euler haina pa kushika. Hakuna namba tasa mnayoruhusiwa kuiruka kwa sababu ya 4. Njia ya baki ya 1,000 bado inafanya kazi, ila mnaongeza 3 badala ya 9. Mtapitia zote 168 na zote zitakataa. Mkigawana orodha watu wanne, kila mmoja ana 42.